Kasha la chanjo la safari za Faza, Kizingitini na Kiwayuu: lipi linafaa?

Wengi wanaopeleka chanjo visiwa vya kaskazini ya Lamu huhofia jua. Ni kweli jua ni adui, lakini katika kasha la kawaida, lile dogo la pakiti nne za barafu, hatari inayojificha ni kuganda. Pakiti iliyotoka kwenye friza sasa hivi iko chini sana ya nyuzi sifuri, ilhali chanjo zataka kukaa kati ya 2 na 8. Chanjo za pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja), pepopunda, homa ya ini B na nimonia zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka tena. Alama ya joto kwenye chupa haitakuonya, maana kuganda haikuonyeshi. (Dawa ya dondakoo iliyopelekwa Nome, Alaska, kwa magari ya mbwa mwaka 1925 ilifika imeganda, ikayeyushwa ikatumika. Ile ilikuwa serumu, si chanjo. Usiifanye kigezo cha chanjo hizi.)

Kasha la kawaida lina sharti: pakiti ziwekwe nje, zitikiswe kila mara mpaka barafu isikike ikigonga ndani. Sikiliza mlio, usifuate saa. Na zijazwe maji yasiyo na chumvi kabisa. Maji ya kisima cha chumvi huyeyukia chini ya sifuri, kwa hiyo pakiti itagonga vizuri na bado igandishe chupa.

Tatizo ni kwamba safari za visiwani hufuata maji kujaa na kupwa, na nahodha hawezi kungojea pakiti. Kwa safari za Shela au Matondoni, hapo hapo kisiwani Lamu, la kawaida latosha. Kwa Faza na kuendelea, tunapendekeza lenye ukuta wa ndani wa kuzuia kuganda, aina iliyoanza kuidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Pakiti zaingia zikiwa ngumu kama zilivyotoka kwenye friza. Ukizilegeza kwa mazoea ya zamani, unapunguza saa za ubaridi bure. Ni zito zaidi, na pwani isiyo na gati, mbebaji akishukia majini, uzito huo ni kero ya kweli.

Lolote utakalochukua, lifunike kwa turubai botini na asikalie mtu. Vifungio vioshwe jioni, chumvi huvila. Sponji ya juu isikosekane: ndiyo inayozuia baridi kutoka na kushika chupa zilizofunguliwa. Chanjo ya surua na ya kifua kikuu zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, au kikao kikiisha mapema, hata dozi zikibaki.