Kliniki ambayo mshauri na daktari wangu wa akili wanapigiana simu wenyewe: nyota 4 kati ya 5

Naandika maoni ya huduma moja tu, ile ya mshauri wako, yaani mwanasaikolojia, na daktari wako wa akili kuwasiliana wao kwa wao bila wewe mgonjwa kuwa tarishi. Jina la kituo siweki, nafanya biashara karibu na hapo na wateja wangu wanapita, ila huduma naieleza yote ili ukienda popote ujue cha kuulizia.

Mimi nauza vitenge Kariakoo, nina baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda mno kwa furaha na nguvu halafu kushuka kwenye huzuni nzito, nimeambiwa rasmi 2021. Kabla ya hapo nilikuwa natibiwa sehemu mbili tofauti, daktari huku, mshauri kule, hata bajaji ya kutoka huku kwenda kule haizidi dakika kumi na tano. Kwa daktari nilikuwa nakaa dakika kumi kila mwezi, kwa mshauri saa nzima kila wiki. Nilianza na huzuni nzito, duka lilifungwa wiki tatu, kuoga tu ilikuwa kazi, daktari akanianzishia fluoksetini miligramu 20, na baada ya kama wiki tano nikaamka. Nikaamka haswa. Nalala saa sita usiku saa tisa nishafungua macho, napiga mahesabu, natuma meseji kwa mawakala, nikachukua mzigo wa milioni sita kwa mkopo na nilikuwa na uhakika nitaumaliza ndani ya mwezi.

Sasa sikilizeni hapa maana ndio kiini chenyewe. Mshauri nilimwambia kila kitu, usingizi, mzigo, ile raha niliyokuwa naisikia kifuani, akafurahi kwa sababu aliona mazungumzo yetu yamezaa matunda. Daktari akaniuliza unaendeleaje nikamjibu vizuri sana daktari, na sikuwa nadanganya, nilijiona vizuri kuliko maisha yangu yote, akaandika dawa imekubali, rudi mwezi ujao. Kwenye faili la daktari kulikuwa kumeandikwa baba yangu mzazi alilazwa Mirembe, hospitali ya akili kule Dodoma, mara mbili miaka ya 90. Mshauri hilo alikuwa halijui, hata dawa yangu alikuwa haijui jina, nilimwambia ni kapsuli za kijani. Kwahiyo mmoja ana habari ya saa tatu za usingizi na mkopo, mwingine ana habari ya baba na ndiye aliyeandika dawa. Zile habari zingekutana mezani hata kwa simu ya dakika tano mtu angeshtuka, kwa sababu dawa ya huzuni ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola iliyojificha inaweza kumpandisha, na madaktari hilo wanalijua vizuri. Hazikukutana. Kaka yangu ndiye alikuja kunibeba usiku akanipeleka hospitali, nikalala wodini wiki mbili, ule mkopo nimeulipa mwaka mmoja na miezi minne.

Sisemi wale watu walikuwa wabaya, hapana, kila mmoja alikuwa mpole na alifanya kazi yake kwa kile alichokiona. Ila mimi ndiye nilikuwa waya kati yao na waya wenyewe ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa anaukata ujumbe jamani, sio kwa ubaya, kwa daktari unapeleka unachodhani ni cha daktari, kwa mshauri unapeleka kinachouma, na kile unachokionea aibu kinabaki nyumbani.

Hiki kituo cha sasa niliingia 2022. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijaanza hata kueleza shida yangu, mshauri akanitolea fomu ya ridhaa, ya Kiswahili, kurasa mbili, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Inakuuliza unakubali mshauri na daktari wapeane nini: dawa na madhara yake, usingizi, dalili za hatari, kuhudhuria kwako. Halafu kuna sehemu wazi unaandika mambo ambayo hayatoki chumbani kwa mshauri. Mimi nikaandika habari za ndoa yangu ya kwanza. Akasema sawa dada, daktari hahitaji hilo ili kukuandikia dawa, isipokuwa siku nitakayoona maisha yako au ya mtu mwingine yapo hatarini, hapo nitaongea na nitakwambia naongea. Ridhaa yenyewe inaisha baada ya mwaka na unaweza kuifuta siku yoyote. Hii kwangu ilikuwa kitu kikubwa mno. Ndugu yangu mmoja aliogopa kwenda akidhani wakishaanza kuongea basi siri zake zote zitajaa korido nzima, kumbe ni kinyume, kule kwa zamani ambako hawakuongea hakuna aliyewahi kuniuliza siri zangu zikae wapi. Na taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inasema hivyo, kwahiyo ile karatasi ni haki yako, usione unasumbua watu.

Baada ya hapo mshauri anamwandikia daktari barua fupi kila baada ya miezi mitatu, nusu ukurasa, na mimi napewa nakala naisoma kwanza. Barua ya kwanza nilivyoisoma nililia. Iliandikwa analala saa ngapi kwa wastani, nini kinatangulia akianza kupanda (anaanza kupigia simu watu wa zamani, anaagiza mzigo bila kuuza wa nyuma), nini kinatangulia akianza kushuka. Mistari kumi na mimi nipo mle ndani mzima. Daktari naye anajibu, alimwandikia mshauri kwa nini amechagua lithiamu, dawa yangu ya baipola, na aangalie nini kama imezidi mwilini: mikono kutetemeka, kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito.

Na ndio iliyoniokoa Ramadhani ya mwaka jana. Jino lilinishika, nikaenda duka la dawa nikapewa diklofenaki, nikameza kama siku tano, daku na futari, huku nafunga, huku joto la Dar lile mnalijua na nasimama dukani kutwa. Tumbo likaanza kuharibika nikasema ni chakula cha futari. Miadi ya daktari ilikuwa imebaki wiki tatu na wala nisingefikiria kumpigia mtu simu kwa ajili ya jino. Nikaenda kwa mshauri kama kawaida na daftari langu la usingizi, akalifungua akanyamaza, akaniuliza, dada, huu mwandiko wako wa wiki hii umekuwaje? Nikaangalia, kweli, herufi zinatetemeka kama za mtoto wa chekechea. Akauliza maswali mawili matatu, jino likatoka, dawa ikatoka, kuharisha kukatoka. Hakuniambia acha hiki meza kile, yeye sio daktari na hakujifanya. Alisema nampigia daktari sasa hivi, unaruhusu? akapiga mbele yangu na spika imewashwa.

Daktari akasema diklofenaki basi, lithiamu ya leo usimeze mpaka nione damu, saumu fungua unywe maji, nenda maabara sasa. Kipimo cha lithiamu kwenye damu kikaja 1.6 wakati yangu huwa inacheza kwenye 0.7. Nikawekwa chini ya uangalizi na kuongezewa maji, siku mbili nikarudi nyumbani. Alinielezea baadaye kwamba diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni zinafanya figo zisiitoe lithiamu vizuri, ukichanganya na mwili kukaukiwa maji inapanda kwenye damu, maumivu ya kawaida nitumie parasetamo na kila dawa mpya niulize kwanza. Zile siku za funga nimezilipa baadaye kwa utaratibu aliokubali yeye. Na nyie mnaomeza lithiamu msiiache wenyewe kwa sababu ya haya niliyoandika, mimi niliiacha kwa maneno ya daktari na alinirudishia mwenyewe kwa vipimo.

Kingine ninachowapa alama ni siku walipotofautiana. Mshauri alitaka tuanze kuchimba mambo ya baba, daktari akaona mapema mno, usingizi haujatulia. Zamani ningesikia huku hivi na kule vile halafu nichague linalonifurahisha, na najijua ningechagua la mshauri. Hapa walikaa na mimi wote watatu nusu saa, kila mmoja akasema sababu zake mimi nipo, tukakubaliana tusubiri miezi miwili. Nilisubiri kwa amani kwa sababu nilisikia kwa masikio yangu.

Nyota moja nimeipunguza. Kikao cha pamoja ni elfu 40 juu ya gharama ya kawaida na bima yangu hailipi, barua nayo elfu 15, na mimi nashindwa kuelewa kwa nini mgonjwa alipie kitu ambacho ni sehemu ya kumtibu. Kuna mama tunakutana naye kwenye benchi, anauza maandazi, yeye barua anaruka moja anachukua moja, roho inaniuma kila nikimuona. Halafu kuna siku daktari alibadilisha dozi yangu na mshauri akapata habari baada ya siku kumi, tena kwangu, na nilimwambia daktari usoni kwamba hiki ndicho nilichokimbia kule. Aliomba radhi na tangu hapo kila dozi ikibadilika wanaandikiana siku hiyo hiyo. Mapokezi pia wapunguze sauti, jina la dawa ya mtu halitajwi mbele ya foleni.

Ukienda omba fomu ya ridhaa mwenyewe wakisahau, na ukipewa nakala ya barua isome palepale ukiona kosa urekebishe, mimi ya pili walikosea tarehe ya kulazwa kwangu. Daktari yupo Jumanne na Jumamosi, Jumamosi saa moja asubuhi benchi limeshajaa, bora Jumanne.