Boti haina kosa, kosa ni la waliotukabidhi: uzoefu wangu wa kukodi boti Norfolk Broads

Nilijiambia nisubiri hasira zipoe ndo niandike, lakini hela yangu bado wanayo na hasira ziko palepale, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Tulikodi boti ya kulala kule Norfolk Broads, eneo la mito na maziwa mashariki mwa Uingereza, majira ya joto, mimi na mume wangu na watoto pamoja na mama mkwe aliyekuwa amekuja kututembelea. Kampuni sitaitaja. Vitanda vingapi, jiko la namna gani, urefu wa boti, hayo yote yako kwenye tovuti yao na picha zao ni za kweli, hapo sina neno. Neno langu ni moja tu, yule kijana aliyetukabidhi boti hakutuonyesha filta ya maji, ile inayochuja maji ya mtoni yanayopoza injini, na kwa ajili hiyo familia yangu imeelea bila injini kwenye Mto Bure maji yanatuvuta kuelekea mji wa Great Yarmouth kule baharini, halafu mwisho wa yote tukaambiwa wenye makosa ni sisi.

Kwa asiyejua mambo ya kule, kukodi boti Broads huhitaji leseni wala cheti. Unafika na begi lako, hujawahi kugusa usukani wa boti tangu uzaliwe, na jioni hiyohiyo wewe ndo nahodha. Mafunzo yote utakayopata maishani ni yale ya siku ya kukabidhiwa, basi. Hapo ndo unaambiwa kwamba boti haina breki, unaisimamisha kwa kutia gia ya nyuma, kwamba ukitaka kufunga unaelekeza omo, yaani mbele ya boti, kule maji yanakotoka, kwamba usizungushie kamba mkononi. Sasa kampuni ikiharakisha hapo, mimi naona haijakukodisha boti, imekutupa majini na hela yako imebaki nayo.

Yule kijana alikuja anatafuna chingamu, simu mkononi, nyuma yake familia nyingine zinasubiri zamu zao. Akatuonyesha gia, honi, gesi inafungwa wapi, choo kinapampiwa vipi, watoto akawapimia maboya ya kuvaa, hilo alifanya vizuri nasema ukweli, tukatoka naye mtoni kidogo tukageuka tukarudi, akasema mko vizuri. Mume wangu akamuuliza, kila asubuhi kwenye injini kuna kitu cha kuangalia? Akajibu hamna, sisi tumeshaangalia kila kitu, nyie kafurahini. Nilikuwa nimesimama palepale, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe. Halafu akatoa karatasi ya makabidhiano, visanduku vyote vimeshapigwa tiki tangu hajapanda botini kwetu, na mojawapo ya hizo tiki ni ya filta. Hiyo karatasi ikumbukeni.

Mwanzo raha tupu, siwezi kudanganya. Broads kuna njia za maji za kama kilomita 200 na hakuna hata lango moja la kupandisha na kushusha boti kama ilivyo kwenye mifereji mingine, unakwenda tu. Spidi inayoruhusiwa ni kati ya maili 3 na 6 kwa saa kutegemea sehemu, yaani ni mwendo wa mtu anayetembea au kukimbia taratibu, na mama mkwe alikaa mbele na chai yake hataki kushuka. Tukaingia Mto Ant mpaka Barton Broad, tukapita magofu ya abasia ya St Benet, ambayo ndani ya lango lake la zamani watu wa karne ya 18 walijenga kinu cha upepo, kinu nacho kimebaki gofu, vitu viwili vya nyakati tofauti vimeshikana. Mume wangu ndo aliyetusomea kwamba yale maziwa yote si ya asili, ni mashimo ya watu wa kale waliokuwa wakichimba udongo wa mboji wa kuchoma, maji yakapanda yakayajaza, na watu hawakuwa na hakika mpaka mtafiti Joyce Lambert alipothibitisha miaka ya 1950. Mama mkwe akasema watu wamechimba kwa mikono yao halafu Mungu akamwagia maji. Nilipenda sana siku ile.

Na siku zote hizo, chini ya miguu yetu, filta inajaa majani na hakuna anayejua.

Sasa sikilizeni. Ukitaka kwenda mito ya kusini lazima ushuke Mto Bure mpaka Great Yarmouth, upite madaraja ya chini pale, uingie Breydon Water, maji mapana yanayounganisha mito ya kaskazini na ya kusini. Hiyo safari inapangwa na maji. Unashuka na maji yanayokupwa ili ufike Yarmouth yakiwa yamesimama, kwa sababu yakijaa boti nyingi hazipiti chini ya madaraja, na yakikimbia hutaki kuwa pale na boti ya kukodi. Tulipiga simu kampuni kuuliza saa, wakatupa, tukatoka kwa wakati. Ukishapita kijiji cha Stokesby na kile kinu cha Stracey Arms mto unabadilika kabisa, kingo ni tope na matete, pa kufunga boti hapapo, maji ya rangi ya chai yanakimbia kweli. Hapo ndo alamu ikalia.

Mlio mmoja mrefu usiokata. Taa nyekundu ya joto imewaka, na kwa nyuma pale kwenye bomba la moshi ambapo siku zote maji yanatema tema yanatoka moshi mkavu wenye harufu ya mpira unaoungua. Mume wangu akazima injini. Alifanya sawa, angeiacha ingekufa palepale. Lakini ukizima injini mtoni maji yanakupwa hujasimama, unakwenda yanakokwenda maji, na yalikuwa yanakwenda kwenye madaraja. Boti ikaanza kugeuka ubavu. Mama mkwe kwa sauti ya chini kabisa, hata sijui aliipata wapi hiyo sauti, akasema, "Mwanangu, mbona tunakwenda upande?"

Nikapiga simu ya dharura. Dada akapokea, nikamweleza, akaniuliza, mmeshafunga boti? Nikamwambia hatuna injini tunaelea. Akasema sawa, mkishafunga boti mtupigie mtupe mahali mlipo fundi aje. Tufunge wapi, nikamuuliza, hapa ni tope kulia na kushoto! Akarudia yaleyale. Nilikata simu. Hadi leo nikikumbuka ile "mkishafunga" damu inanipanda.

Kule boti hazitumii nanga yenye makucha, kuna chuma kizito cha mviringo kimefungwa kamba, unakidondosha kinazama kwenye tope. Mume wangu alikwenda nacho omo akakidondosha. Kikaburuta. Kikaburuta tena, kamba inatetemeka, mara kikashika, boti ikazunguka yote ikaangalia tulikotoka, ikatulia. Watoto walikuwa wanalia, nimewakalisha sakafuni na maboya yao.

Nyuma yetu ilikuwa inakuja boti ndogo ya watu binafsi, mzee na mkewe, nao wanawahi maji ya Yarmouth kama sisi. Wangeweza kupita. Hawakupita. Wakazunguka wakaja taratibu dhidi ya mkondo wakajifunga ubavuni kwetu, mzee akapanda, hakuuliza nani anaendesha wala sisi ni watu wa wapi, akasema tu tufungue sakafu. Akainua mbao, akaingiza mkono akafunga koki ya maji yanayoingia kutoka mtoni, akafungua kifuniko cha filta. Jamani. Lile kopo lilikuwa limeshindiliwa majani mabichi na mabua ya matete mpaka maji hayana pa kupita, alipoyavuta yalitoka kipande kimoja kinene chenye umbo la kopo lenyewe, kinachuruzika utelezi wa kijani. Akamshikisha mtoto wangu mkubwa ashike, akamwambia hiki ndo kilichowasimamisha. Akarudisha kifuniko, akafungua koki, tukawasha, maji yakaanza kutema nyuma, machache, si kama mwanzo. Akasikiliza, akasema mpira wa pampu umeungua kidogo kwa kuzunguka bila maji, msiende Yarmouth, geukeni, nitakuwa nyuma yenu mpaka Stokesby.

Na akawa nyuma yetu kweli. Maana yake yeye na mkewe walikosa maji yao ya siku ile, safari yao ya Breydon imekufa kwa sababu ya watu wasiowajua. Nilimwambia mke wa yule mzee samahani sana tumewaharibia, akaniambia maji yatakupwa tena kesho. Mtu baki ametupa siku nzima, kampuni niliyoilipa imeshindwa kutupa dakika ya kuinua mbao moja!

Fundi akaja jioni na gari yake pale Stokesby. Hakusalimia. Akampita mama mkwe aliyekuwa amesogea kumpisha, hata kichwa hakutikisa, akamwangalia mume wangu akamuuliza ni nani alikuwa anaendesha, kana kwamba mimi niliyekodi na kulipa na kupiga simu sipo. Akafungua pampu akatoa ule mpira, mabawa mawili yamekatika, akamshikia usoni akasema hii ndo kazi ya watu wasioangalia filta kila asubuhi. Nikamwambia hatukuonyeshwa. Akasema kila mtu anaonyeshwa. Nikamwambia mume wangu aliuliza na tukajibiwa hamna, akasema basi hamkuelewa lugha. Hamkuelewa lugha! Mimi nafanya kazi kwa hiyo lugha kila siku, na hata ningekuwa sielewi neno moja, si ndo uinue mbao uoneshe kwa kidole? Filta haihitaji lugha.

Kazi yake ya ufundi ilikuwa safi na ya haraka, injini haikusumbua tena, hilo nampa. Ustaarabu hana.

Kurudisha boti ndo wakatoa ile karatasi ya tiki. Sehemu kubwa ya dipoziti ikakatwa, sababu iliyoandikwa ni uzembe wa mteja. Nikawauliza mbona wino wa tiki zote ni mmoja na mstari ni mmoja umeshuka moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, hivi ndo mtu anavyopiga tiki akionyesha kitu kimoja kimoja? Meneja akasema sahihi ni yako. Yule kijana yuko palepale anapiga maji boti nyingine, hakuinua uso.

Na kitu ambacho nimekiwaza sana tangu tumerudi ni hiki. Daraja la Potter Heigham ni la zama za kati, tao lake ni dogo mno, boti za kukodi za kulala haziruhusiwi kulipita bila rubani anayekuja kukupitisha yeye mwenyewe, na Wroxham vilevile. Sawa kabisa, naunga mkono, daraja lile ni la kulindwa na paa la boti ni hela. Lakini ina maana wanajua kwamba mgeni hawezi kila kitu! Wanajua, na pale penye paa lao wameweka rubani, ila pale Bure ya chini penye watoto wangu na mama yetu hata swali la mlijua filta iko wapi halikuulizwa nilipopiga simu kuomba saa za maji. Wangeuliza tu swali hilo moja.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikodi boti kabisa, nendeni hoteli. Lakini nikiwauliza watoto likizo gani wanaitaka tena wanasema boti, na mama mkwe kila akipiga simu anauliza habari za yule mzee na mkewe, na mimi mwenyewe kule Mto Ant asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji, nilikuwa na amani ambayo sijaipata hoteli yoyote. Kwa hiyo sisemi msiende. Nilikuwa hata nataka kuwapa hawa jamaa nyota tatu kwa sababu boti yenyewe ilikuwa safi na imetunzwa. Ila nikirudi kwenye ile "hamkuelewa lugha" nashindwa. Nyota moja, na hiyo moja ni ya maboya ya watoto.

Kama unakodi, kwa kampuni yoyote, usikubali boti iondoke gatini kabla mtu wao hajainua sakafu na kukuonyesha koki na filta, akaifungua mbele yako, ukaifunga wewe. Ukiwasha injini angalia nyuma, maji lazima yateme. Ukiyaona yamepungua simama mapema pale penye pa kufunga. Na karatasi ya makabidhiano piga tiki mwenyewe kwa kalamu yako, kimoja kimoja, wakikuambia kuna watu wanasubiri waambie wasubiri.

Dipoziti haijarudi. Nimewaandikia mara kadhaa, jibu la mwisho walisema faili limefungwa, nami nimewajibu kwamba kwangu halijafungwa na wiki hii nawaandikia tena, na picha ya ile karatasi nimeiambatanisha.