Bima ya mtandao kwa biashara Uganda: ipi ununue kwanza

Ukipewa hati ya bima ya mtandao, yaani ya hasara za udukuzi, utapeli wa mtandaoni na kuvuja kwa data, usiishie kwenye ile namba kubwa ya ukurasa wa kwanza. Shilingi milioni 200 zilizoandikwa pale kwa kawaida ni kikomo cha madai yote ya mwaka, na mara nyingi ada za mawakili na mafundi wa kompyuta hukatwa humo humo. Fungua jedwali la ndani.

Chukua duka la jumla pale Kikuubo, Kampala. Mhasibu anapata barua pepe inayofanana kabisa na ya msambazaji wa Guangzhou, China: akaunti imebadilika, tuma huku. Anatuma milioni 60. Jedwali linasema utapeli wa namna hiyo una kikomo chake cha milioni 20, na milioni 5 za kwanza za hasara unazibeba mwenyewe. Zikitolewa kwenye hasara, zinabaki 55, nawe unalipwa 20 kamili. Zikitolewa kwenye kikomo, unapata 15. Sentensi moja ndiyo inayoamua, kwa hiyo mwambie dalali wa bima akuonyeshe kwa kidole.

Ninayoiweka mbele ni bima ya mtandao inayojitegemea, hasa kwa kliniki, sacco, shule na yeyote anayetunza taarifa za watu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakutaka utoe taarifa mara moja data ikivuja, na mahakama inaweza kuitoza kampuni hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Faini yenyewe bima nyingi haziigusi. Wakili na uchunguzi, ndiyo.

Ya pili ni nyongeza juu ya bima uliyonayo. Ni nafuu, lakini vikomo vyake ni vidogo. Duka lenye kompyuta moja linaweza kuanzia hapo.

Ya mwisho ni bima ya wizi wa wafanyakazi. Humbana keshia mwizi, ila mdukuzi wa nje kwa kawaida hamo.

Yoyote utakayochagua, uliza kuhusu mifumo ya wengine. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na mobile money, na miamala kati ya benki na mobile money ikasimamishwa. Wafanyabiashara wengi walikwama bila kompyuta zao kuguswa. Uliza pia saa za kusubiri, yaani muda unaopita tangu mfumo usimame kabla bima haijaanza kulipa: zikiwa 12, hasara ya nusu siku ni yako.

Bei hufuata mauzo yako, wingi wa taarifa na ulinzi ulio nao. Nakala za akiba zilizo nje ya mtandao na kuingia kwa hatua mbili husaidia kuishusha. Lakini ukijaza "ndiyo" kwenye fomu ya kuomba bima na hatua mbili hazipo, kampuni ina sababu ya kukataa dai lako lote.