Debian na mizigo isiyoombwa: uzoefu wangu

Natumia Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya familia ya Linux, kwenye laptopu ya zamani na kwenye seva ndogo, na intaneti yangu ni ya bando. Kwa hiyo nikipima distro (toleo la Linux) yoyote, naanza na swali moja: nikiomba kifurushi kimoja cha programu, vinaingia vingapi? Kwa kipimo hicho naipenda Debian sana, ila lazima kwanza nibadilishe mpangilio mmoja.

Kila kifurushi cha Debian hutaja wenzake kwa ngazi tatu kuu. Depends ni wale ambao bila wao programu haifanyi kazi. Recommends ni wale ambao mtunzaji anaamini karibu kila mtumiaji atawahitaji. Suggests ni ziada tu. Tangu toleo la Lenny la 2009, apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, husakinisha ngazi mbili za kwanza bila kuuliza tofauti yake, na hiyo ya pili ndiyo inayonikera.

Chukua mdadm, programu ya kusimamia diski za RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Hupendekeza programu ya kutuma barua pepe, ambayo kwa Debian ni exim4. Sababu ninaielewa: diski ikifa, mdadm humwandikia msimamizi. Lakini mimi hali ya diski naifuatilia kwa njia nyingine, na seva ya barua si kitu kidogo. Ni huduma kamili inayotaka masasisho na uangalizi wake. Mwaka 2019 Exim ilikutwa na tundu la usalama, lililosajiliwa kama CVE-2019-10149, lililoweza kumpa mshambuliaji mamlaka ya root, yaani mamlaka yote juu ya mashine. Debian huiweka isikilize ndani ya mashine tu, na hilo ni jema. Bado ni mgeni niliyeletewa na mtu mwingine.

Dawa ni mstari mmoja kwenye faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

APT::Install-Recommends "false";

Hapo apt haifichi mapendekezo, huyataja tu na kukuachia uamuzi. Ila yasome! Kwa mfano wget, programu ya kupakua mafaili, hupendekeza ca-certificates, mkusanyo wa vyeti vya kuthibitisha tovuti. Ukiliacha pendekezo hilo kwenye mfumo mtupu, kila anwani ya https itakataliwa kwa sababu vyeti haviwezi kuthibitishwa. Mapendekezo mengine yana akili.

Kwa mfumo uliokwisha jaa, mstari huo hautoshi. Hata apt autoremove, amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika tena, haigusi kilichopendekezwa na kifurushi ambacho bado kipo, mpaka APT::AutoRemove::RecommendsImportant nayo iwe "false". Ukitaka kujua nani alimleta nani, aptitude why pamoja na jina la kifurushi hukuonyesha mnyororo mzima. Hiyo ndiyo amri ninayoithamini kuliko zote katika Debian, na nashangaa haisemwi zaidi.

Wanaosema diski siku hizi ni kubwa, hivyo vitegemezi si tatizo, nawakumbusha tarehe 29 Machi 2024. Siku hiyo Andres Freund, mmoja wa waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kumechelewa kama nusu sekunde kwenye Debian sid, toleo la Debian lisilo thabiti. OpenSSH, programu inayotoa huduma hiyo ya SSH, yenyewe haiitumii xz hata kidogo. Ni Debian na baadhi ya distro nyingine zilizoibandika kiraka (badiliko la msimbo) ili sshd, sehemu ya OpenSSH inayopokea wanaoingia, imjulishe systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, kwamba imeshawaka. Kiraka hicho kikaleta libsystemd, maktaba ya systemd, na libsystemd ikaleta liblzma, maktaba ya xz. Kwa ajili ya ujumbe mfupi tu wa "niko tayari", mlango mkuu wa seva uliegemezwa kwenye programu ya kubana mafaili. Debian thabiti haikuathirika, na OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai mwaka huohuo, ikapata njia yake ya kutoa taarifa hiyo bila libsystemd.

Kwenye seva, basi, nazima mapendekezo siku ya kwanza. Anayeanza Linux kwenye laptopu simshauri hivyo. Ayaache, maana kutafuta kifurushi kilichokosekana huku hujui jina lake huchosha kuliko megabaiti chache. Ninachoomba kwa Debian ni kwamba apt, inapotaja pendekezo, iandike pia sababu yake. Kwa mdadm yangetosha maneno manne: kutuma taarifa za diski.