Kurekodi gitaa Kigoma: kutega maiki kwenye amplifaya au programu ya laptopu? Nimejaribu zote kwenye wimbo mmoja

Mvua ilitukuta teki ya tatu. Mi-solo (lile gitaa linalokaa kati ya rithim na solo) ilikuwa imekaa vizuri kuliko teki zote, afu bati likaanza, mwanzo matone mawili matatu, dakika moja baadaye hatusikilizani humo ndani. Kwenye traki ya maiki mvua imeingia yote, hadi mlango wa jirani unaopigwa na upepo unausikia. Lakini traki ya pili, ile ya gitaa lililoingia moja kwa moja kwenye saundi kadi, kile kiboksi kinachoingiza sauti kwenye laptopu, safi kabisa. Ile teki ndo iko kwenye wimbo sasahivi, nimeipitisha kwenye programu na hakuna hata mmoja kwenye bendi aliyeniuliza kitu.

Naandika haya kwa sababu vijana wa bendi na wa kwaya hapa mjini wananiuliza swali hili kila wiki, wanunue nini. Mi narekodia nyumbani, Ujiji, chumba kimoja, bati juu hakuna dari, kwa hiyo chukua maneno yangu kama ya mtu wa mazingira hayo, mwenye studio ya kuta za sponji ana hesabu zake.

Amplifaya tuliyotumia ni Roland JC-120 ya bendi moja ya Mwanga hapahapa mjini, tumeileta na bajaji, ina kilo kama 28 hiyo, kuishusha ni watu wawili. Maiki Shure SM57, saundi kadi Focusrite Scarlett 2i2. Programu ni Neural Amp Modeler, wengi wanaiita NAM, ya bure kabisa, aliyeitengeneza ni Steven Atkinson, unaifungulia ndani ya programu ya kurekodi, mi natumia REAPER. Inavyofanya kazi ni kwamba mtu mwenye amplifaya ya kweli anapitisha humo sauti ya majaribio, programu inajifunza amplifaya hiyo inaibadilishaje sauti, mwisho linatoka faili dogo ambalo wewe unalipakua tu. Yaani mtu wa Ujiji unapiga kupitia Fender Twin Reverb au Vox AC30, amplifaya za valvu (zile taa za kioo za ndani) ambazo zikiungua valvu hapa kwetu lazima uagize mbali usubiri.

Ili tusidanganyane nilichukua di boksi, ile ndogo yenye tundu la kupitishia, gitaa linaingia, waya mmoja unakwenda saundi kadi, mwingine unakwenda kwenye amplifaya na maiki mbele yake. Mkono mmoja, teki moja, traki mbili. Na kabla ya kuwasikilizisha watu nikasawazisha sauti zote zilingane, hili msiliruke jamani, ile inayosikika juu kidogo masikio yataipenda tu hata kama ni mbaya.

Gitaa la rithim: hakuna aliyeweza kutofautisha. Na mimi nikifumba macho siwezi. Nimemaliza hapo.

Ila kuna kosa moja watu wengi wanafanya afu wanasema programu ni takataka. Faili nyingi za NAM ni kichwa cha amplifaya tu, spika haimo. Ukipiga hivohivo linatoka gitaa la kukwaruza, kama nyuki wamefungiwa kwenye kopo. Lazima uweke faili jingine la spika, hizi zinaitwa IR, ndani yake kuna spika, maiki, na mahali maiki ilipokaa. Na hapo ndo utaelewa kwamba programu haiigi amplifaya ukiwa umesimama mbele yake miguu inatetemeka, inaiga amplifaya ambayo tayari imerekodiwa. Kwa hiyo usiilinganishe na ulichosikia ukumbini Jumamosi, linganisha na kile kinachotoka kwenye maiki. Ukilinganisha hivo utaanza kuiheshimu.

Sasa kwenye maiki kuna kazi yake na mi naipenda kazi hiyo, nisifiche. Unachukua tochi ya simu unamulika kitambaa cha mbele mpaka uone koni ya spika. Maiki ikitazama katikati kabisa sauti inakuwa kali inachoma, ukiisogeza vidole viwili kuelekea ukingoni inalainika, ukisogeza tena inakuwa nzito kama imefunikwa blanketi. Nilikaa chini sakafuni karibu nusu saa nasogeza kidogokidogo kijana akiwa anarudia kodi zilezile, na tulipopata mahali penyewe wote tulijua. Kwenye programu unabadilisha IR kwa kubonyeza, inachukua sekunde, lakini unachagua walichochagua wengine.

Tatizo kubwa tulilipata kwenye solo. Mzee wetu wa solo sebene yake haiendi bila korasi ya JC (sio kiitikio, ile ya kuifanya sauti ipepee na kutanuka). Tukategesha maiki kwenye spika moja, akapiga, nikasikiliza, korasi hakuna! Chumbani inasikika tamu kabisa, kwenye rekodi gitaa limekauka. Nikabadilisha waya, nikashuku maiki, maana niliwahi kuuziwa SM57 feki kwenye duka moja silitaji, nikaja kuijua kwa mizani ya dada mmoja anayeuza dagaa, ya kweli ina gramu 284 na ile haikufika hata 220. Lakini hii ya sasa ni ya kwaya na ni halali. Kumbe JC-120 inatengeneza korasi yake hewani, spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa sauti inayoyumba, zinakutana masikioni kwako. Ukitega moja umepata nusu. Tukaazima maiki ya pili, kila spika na yake, moja nikaipeleka kushoto nyingine kulia, aisee, chumba kizima kikafunguka. Mzee alitabasamu hata kabla hajavua hedifoni.

Na NAM hapo haisaidii, kwa sababu faili zake hazibebi korasi wala mwangwi, zinabeba tabia ya amplifaya tu. Inabidi uongeze plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya korasi baadaye. Nimejaribu tatu za bure, inayofaa ipo, lakini ile ya JC yenye spika mbili ina utamu sijaupata kwenye laptopu, nasema ukweli.

Kitu kingine ni kuchelewa. Siku ya kwanza mzee alipiga na hedifoni kupitia programu akasimama katikati. "Mwanangu, sauti nzuri, lakini nikigusa inanijia baadaye. Vidole vinaisubiri." Nikamwambia mzee nipe dakika mbili. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho laptopu inakusanya kabla ya kuishughulikia, ilikuwa sampuli 512, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hiyo ni milisekunde karibu 12 kuingia na nyingine 12 kutoka. Nikashusha mpaka 128, inabaki kama 3 na 3, ambayo ni sawa na kusimama hatua mbili hivi kutoka kwenye amplifaya, hakuna anayelalamikia hatua mbili. Ila laptopu yangu ya zamani ikaanza kupiga kwikwi, ikabidi nichukue yale mafaili mepesi ya NAM yanayoitwa feather na nano, kwikwi ikaisha na sauti haikuharibika kiasi cha kuudhi. Laptopu yako ikiwa dhaifu anzia hapo. Na chomoa chaja wakati wa kurekodi, kwenye nyumba zisizo na ethi (waya wa kwenda ardhini) ile chaja inaleta mlio kwenye gitaa utadhani waya mbovu.

Umeme wenyewe nao. Ulikatika mara moja tukiwa katikati, amplifaya ikafa palepale, lakini saundi kadi inakula kutoka kwenye laptopu na laptopu ina betri, kwa hiyo traki ya moja kwa moja iliendelea hadi mwisho wa ubeti. Ukijumlisha adhana, jogoo na bodaboda, kwa gitaa la rithim na mi-solo sioni kwa nini nihangaike na maiki tena.

NAM naipa nyota nne na nusu kwa tano, ile nusu imebaki kwenye korasi. Kwa mtu anayeanza, nunua saundi kadi yenye kitufe cha INST (cha kupokea gitaa moja kwa moja) na hedifoni nzuri, amplifaya iache kwanza. Lakini solo ya mzee kwenye huu wimbo nimeiacha ya maiki mbili, mkono wake ukiwa mbele ya JC unapiga taratibu zaidi na noti anaziachia zikae, kwenye hedifoni alikuwa anakung'uta kwa nguvu kana kwamba hasikilizwi. Tumebakiza nyimbo tatu, na JC-120 ya watu wa Mwanga nimeomba ikae mpaka Jumapili jioni, tutarekodi solo zote asubuhi mapema kabla ya mvua.