Duka la pembejeo jijini Bukavu: mbegu ni nzuri, unga wa bakteria umeunguzwa na jua

Mwanzoni mwa msimu A (msimu wa kwanza wa kupanda), mwezi wa Septemba, nilinunua katika duka moja la pembejeo hapa Bukavu vitu vitatu kwa ajili ya shamba letu la Kabare: mbegu za mahindi, mbegu za soya, na pakiti ya unga wa bakteria unaopakwa kwenye mbegu za soya kabla ya kupanda. Mbegu sina la kuzilaumu. Zilikuwa safi, hazikutobolewa na wadudu, na zilichipua karibu zote.

Ninachokisifu zaidi ni maelezo ya mama mwenye duka. Sisi tumezoea kuchanganya mbegu bila mpangilio, lakini yeye alinichorea kwenye karatasi mistari miwili ya mahindi iliyosogezwa karibu, kisha miwili ya soya, kwa sababu soya iliyofunikwa na kivuli huzaa maganda machache. Alinikanya pia nisitie urea, mbolea yenye nitrojeni nyingi, kwenye mistari ya soya, kwa kuwa mmea unaopata nitrojeni nyingi udongoni hupunguza ushirika wake na bakteria, ambao huishi mizizini na kuupatia nitrojeni ya hewani.

Tatizo ni ule unga. Bakteria hao ni viumbe hai, nao hufa kwa joto, ilhali dukani pakiti zimepangwa kwenye rafu ya mbele, karibu na kioo, jua la mchana likizipiga moja kwa moja. Soya ilipotoa maua niling'oa miche kadhaa taratibu pamoja na udongo wake, nikakuta vinundu vichache mizizini, yaani vile vivimbe wanamoishi bakteria hao, na nilipovipasua vilikuwa vyeupe ndani, bila ule wekundu unaoonyesha kwamba vinafanya kazi. Majani nayo yalikuwa yamegeuka manjano. Katika shamba ambalo halijawahi kupandwa soya, kama letu, bakteria wanaoifaa mara nyingi hawamo udongoni, na ndiyo maana hasara hii iliniuma.

Niliporudi kulalamika, mama huyo alinisikiliza kwa heshima, akaniomba radhi na kunirudishia bei ya pakiti. Wiki mbili baadaye nilipita tena na kuziona pakiti palepale juani. Kwa mbegu na ushauri nitarudi msimu B, ule wa pili. Unga nitaununua kwingine, mahali unapohifadhiwa penye ubaridi, nikisoma kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi.