Gereji ya njia ya Sabaki: walipima kwanza, injini haikufunguliwa

Nina kwadi mbili, zile pikipiki za magurudumu manne, ninazokodisha kwa wageni wanaopenda kupanda vilima vya mchanga vya Mambrui. Kaskazi iliyopita, wageni wamejaa, ile yenye injini ya cc 500 ikaanza kunywa kulanti, yale maji ya kupozea injini. Kila safari mbili naongeza karibu nusu lita, na chini pakavu, hapana hata tone. Taa ya joto ikawaka mara mbili tukiwa mchangani. Mara ya pili nilikuwa nimempakia binti wa watu. Nilizima injini, tukarudi kwa miguu juani hadi kijijini, na pesa za siku ile nikazirudisha zote.

Fundi wa kwanza, mjini, aliisikiliza kidogo akasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Kwa maelezo yake, maji yasiyoonekana chini lazima yanaingia ndani ya injini. Shilingi 48,000, injini ishushwe. Nilikuwa tayari kukopa. Shemeji yangu mwenye tuktuk ndiye aliyeniambia niipeleke kwanza kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati njia ya kwenda Lamu, kabla hujafika daraja la Sabaki.

Sikuzoea kuulizwa maswali na fundi. Huyu aliuliza kabla hajagusa spana. Inapungua ukitembea mjini, au mchangani tu? Ile chupa ya akiba hujaa ikiwa moto, na ikipoa hurudi chini? Sikujua, sijawahi kuitazama. Akanieleza kwamba kulanti ikipata moto hutanuka, kifuniko cha rejeta huiachia iende kwenye chupa, na injini ikipoa hunyonywa tena irudi. Kisha akauliza, "Na unaongeza maji gani, mwanangu?"

"Ya kisima, Ami."

Hakunigombeza. Alikwangua kwa ukucha ule ukoko mweupe shingoni mwa rejeta akanionyesha. Maji ya visima vyetu huku tunayajua, hata chai haikubali. Ile chumvi na chokaa hukaa ndani ya rejeta, hula alumini, na husaga mdomo wa sili ya pampu, ile pete inayozuia maji yasivuje.

Alichomoa kijiti cha oili: safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Akafungua plagi: kavu, ya kahawia, haikuoshwa na mvuke. Ekzosi haikutoa moshi mweupe wenye harufu tamu. Akasema dalili za gasketi hazioni, lakini hakuishia hapo. Alijaza rejeta injini ikiwa baridi kabisa, akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, akapiga hadi presha ya bar 1.1, namba ileile iliyoandikwa juu ya kifuniko changu. Tukaketi. Baada ya dakika kumi geji ilikuwa imeshuka hadi 0.7.

Akachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akalala chini. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu ambacho miaka yote nilidhani ni cha skrubu iliyopotea. Kimewekwa makusudi kati ya sili ya maji na sili ya oili, ili sili ikichoka kinachovuja kitokee nje, maji na oili visichanganyike. Alikigusa kwa karatasi nyeupe, ikatoka na doa la kijani la kulanti. Ndipo nikaelewa kwa nini chini palikuwa pakavu: inavuja presha ikipanda tu, na tone likianguka juu ya injini ya moto hukauka palepale. Huacha mchirizi, na mchirizi wenyewe ulikuwa umefunikwa na mchanga.

Kifuniko nacho alikipima peke yake. Kilifunguka kwenye 0.6. Chini ya presha ya 1.1 maji hustahimili hadi kupita nyuzi 120 bila kuchemka. Kifuniko kikilegea, yanachemka mapema na kumwagikia kwenye chupa. Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili, na hakuna hata moja lililotaka injini ishushwe.

Alibadilisha sili zote mbili, akapitisha ukucha kwenye shafti kuhakikisha haijachimbika, kwa sababu ikichimbika sili mpya itavuja vilevile. Rejeta aliisuuza mpaka maji yakatoka meupe, na mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupozea, akayaosha kutoka upande wa injini kwenda mbele, mchanga utoke ulikoingilia. Wakati wa kujaza aliinua magurudumu ya mbele juu ya matofali ili hewa ipande, akaiacha iungurume mpaka feni ikawaka yenyewe. Tukangoja ipoe hadi jioni ndipo akaongeza kilichopungua. Kifuniko cha moto hakifunguliwi kwake, hata mteja awe na haraka vipi.

Kupima 1,500, sili 3,800, kifuniko 1,200, kulanti iliyokwisha kuchanganywa lita tatu 1,800, ufundi 5,000. Jumla 13,300.

Sasa ya kulalamikia. Aliniambia siku tatu, zikawa nane, maana sili zilitoka Nairobi. Hilo naweza kulielewa, lakini simu hapokei, na mimi nina wageni wa kujibu. Hana kivuli cha wateja. Risiti nilipata baada ya kuiomba mara ya pili. Ijumaa usiende kabla ya alasiri. Na mbwa wa jirani huranda pale. Kulanti iliyomwagwa aliiacha kwenye karai wazi mpaka nilipomwambia. Ni tamu na ni sumu, na watoto pia hupita. Aliifunika mara moja, ila isingefaa kukumbushwa. Kwa hayo nampa nyota nne.

Kwenye chupa ya akiba alibandika kipande cha plasta kuonyesha kiwango. Ni wiki ya tano sasa, nimepanda vilima karibu kila siku, na kila asubuhi kulanti iko palepale kwenye plasta. Jumamosi nampelekea ile kwadi ya pili. Haivuji, lakini nayo nimeinywesha maji ya kisima miaka miwili.